Kadi ilisema hasi: kisa cha mtoto wa miezi 11 kutoka mwaloni

Hiki kisa cha VVU naandika kwa ajili ya wenzangu wa zahanati na vituo vya afya huku kandokando ya Ziwa Victoria, manesi wa kliniki ya mama na mtoto, matabibu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mzazi yeyote akikisoma pia kimfae. Majina sijaweka, mwalo (kambi ya wavuvi ufukweni) siutaji, wilaya siitaji, na vitu vidogo vidogo vya maisha ya familia nimevibadilisha ili mtu asije akamtambua jirani yake. Mama amekubali kisa chake kitumike kufundishia. Alisema kama kuna mwenzake mwaloni atanyanyuka kwenda kupima sababu ya hiki, basi andikeni.

Hali ya nyuma

Mama ana miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa kijiji cha bara mkoa wa Mwanza, familia ya wakulima na wafugaji. Alikutana na mume wake alipoenda kisiwani kuanika dagaa, wakaanza kuishi pamoja mwaloni. Mtoto wa kwanza, wa kike, anakaa kijijini kwa bibi yake mzaa mama. Huyu wa pili, wa kiume, ndo tutamwita K.

Kwa asiyejua maisha ya mwaloni, dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukishakuwa mkubwa taa haziwavuti tena, kwaiyo boti zinatia nanga, wavuvi wanalala, wanashona nyavu, wengine wanavuka kwenda kusalimia kwao. Kambi nazo zinahama, dagaa wakipungua hapa watu wanabeba turubai na sufuria wanaenda kisiwa kingine, na nani amelala na nani au nani kaachana na nani hayo yanabadilika na msimu. Jamii za wavuvi zina maambukizi ya VVU mengi kuliko watu wengine wa nchi, na hii ni kwa ziwa lote, kwetu, Kenya na Uganda. Alafu huduma ya afya kwenye visiwa vingi ni zahanati moja yenye wahudumu wachache, ziwa likichafuka hufiki kwingine.

Mimba ya K ilipofika kama miezi minne mama alihudhuria kliniki bara akapimwa VVU, majibu yakawa hasi, ikaandikwa kwenye kadi. Alienda peke yake, mwenzi alikuwa ziwani. Akarudi kisiwani. Miezi ya mwisho ya ujauzito alihudhuria zahanati ya kule mara moja tu, akapimwa presha na akapewa vidonge vya damu, kipimo cha VVU hakikurudiwa. Akajifungua salama hapo hapo, mtoto kilo 3.1, akachomwa BCG, chanjo ya TB, bega la kulia. Kadi ilikuwa inasema hasi, hivyo hakuna aliyeona sababu ya kupima tena, si siku ya kujifungua wala kwenye chanjo zilizofuata.

Miezi minne ya mwanzo K alikuwa mtoto wa kupendeza. Mstari wa uzito kwenye kadi unapanda vizuri kabisa ndani ya rangi ya kijani.

Alipokuwa na kama miezi mitano mama akaumwa. Homa, koo, tezi za shingo zimevimba, vipele mwilini, karibu wiki nzima. Alipimwa malaria ikawa hakuna ila akapewa dawa ya malaria na panado, akapona. Sasa hivi ukimsikiliza anavyosimulia ile wiki unaona kabisa ilikuwa nini, manake mwili ukiingiliwa na VVU wiki chache za mwanzo virusi vinapanda juu sana na wengi wanaumwa hivyo hivyo kama malaria au mafua makali, na kama ni mama anayenyonyesha maziwa yake kipindi hicho yana virusi vingi kuliko wakati mwingine wowote. Na mtoto alikuwa ananyonya kama kawaida.

Baada ya hapo mstari wa uzito ukaacha kupanda. Mwezi wa sita umelala, mwezi wa saba umeingia kwenye kijivu, wa tisa uko kwenye nyekundu. Katikati hapo kuna utando mweupe mdomoni uliopakwa dawa ukaisha ukarudi, kuharisha kunakokuja na kuondoka, kikohozi, amoksilini mara kadhaa, ORS na zinki, na maneno "mama mlishe mtoto". Nukta zote za uzito zimechorwa vizuri na kalamu, na hakuna hata moja iliyofuatiwa na swali.

Kule nyumbani maelezo yalikuwepo tayari. Mtoto kabemendwa. Yaani baba na mama wamekutana kimwili wakati mtoto ananyonya ndo maana anasinyaa. Bibi akaagiza mtoto na mama yake waletwe kijijini, akamwogesha dawa za miti. Jirani mmoja akasema huyu ana meno ya plastiki, apelekwe kwa fundi yatolewe, bibi akakataa katakata kwamba mtoto wake hachongwi fizi. Nashukuru mpaka leo kwa huo msimamo, tumeshapokea watoto waliotoka kwenye hiyo shughuli wakiwa na usaha na damu.

Siku aliyopokelewa

K ana miezi 11 na kilo 5.7. Mzunguko wa mkono sentimita 10.4, na chini ya 11.5 tayari ni utapiamlo mkali. Ngozi ya makalio imekunjamana, ulimi na kaakaa vyeupe, anapumua haraka, ana homa, analia bila sauti. Tulimjaribu na chakula dawa, kile chakula maalumu cha utapiamlo, akageuza uso. Mtoto wa utapiamlo mkali akikataa kula anakuwa wa kulazwa, hamna mjadala, kwaiyo alianza F-75, maziwa maalumu ya utapiamlo, kidogo kidogo kila baada ya saa chache, antibayotiki ya sindano, dawa ya fangasi wa mdomo, na blanketi, manake hawa watoto wanapoa haraka sana usiku.

Nesi wa zamu alikuwa anajaza fomu, akafika sehemu ya VVU, akaisoma kadi. Angeweza kunakili neno "hasi" akaendelea. Akauliza.

"Mama, mara ya mwisho ulipima lini?"

"Nilipima mimba ikiwa changa dada, wakaniambia niko salama."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo wapi tena, si kadi imeshaandikwa?"

Kipimo: mama kwanza, alafu mtoto

Tulianza na mama, na hii naomba ieleweke vizuri. Kipimo cha haraka kinatafuta askari wa mwili wanaotengenezwa dhidi ya virusi, hakitafuti virusi vyenyewe, na mtoto anazaliwa na askari wa mama yake ambao wanaweza kukaa kwenye damu mpaka miezi 18. Kwaiyo kabla ya umri huo kipimo cha haraka kikiwa chanya kwa mtoto kinakwambia kwa uhakika kwamba kuna VVU kwenye familia, ila hakikuthibitishii kama mtoto mwenyewe kaambukizwa. Kuthibitisha kunahitaji PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi.

Mama alitoka chanya, akathibitishwa kwa mfuatano wa vipimo wa kitaifa. K naye kipimo cha haraka chanya. Kuna mwenzetu aliuliza, kama mama kaambukizwa baada ya kujifungua basi hao askari wa mtoto hawawezi kuwa wamepitia kondo, si ni wa kwake mwenyewe? Hoja nzuri, na inaongeza sana wasiwasi, lakini tarehe ya maambukizi ya mama tulikuwa tunaikisia kwa simulizi tu, kwaiyo PCR ilikuwa lazima.

Damu ya PCR tuliichukua kwa karatasi, ile ya matone makavu. Kwa mtoto wa kilo zake sehemu nzuri ni upande wa chini wa kidole gumba cha mguu, mguu upashwe joto kwanza kwa kitambaa cha maji vuguvugu, tone la kwanza lifutwe, yanayofuata yaangukie yenyewe ndani ya vile viduara bila kukamuliwa kwa nguvu. Alafu karatasi ikauke kwa saa kadhaa mbali na jua na vumbi ndo ifungwe na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Huku ziwani mvua zikianza hewa inakuwa na maji, ukiwa na haraka ukafunga karatasi mbichi sampuli inaoza na kukataliwa maabara, na hapo mtoto anakuwa kaporwa wiki nzima nzima za maisha yake.

Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

La kwanza, kutosubiri majibu ya PCR. Mtoto wa chini ya miezi 18 mwenye kipimo cha haraka chanya na dalili nzito kama utapiamlo mkali mno, miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaruhusu kuanza ARV, dawa za kufubaza VVU, huku sampuli ikiwa njiani. Sababu iko kwenye namba ambazo kila anayegusa watoto anatakiwa azijue kwa kichwa: mtoto aliyezaliwa au kunyonyeshwa akapata VVU asipotibiwa, karibu theluthi moja wanafariki kabla ya mwaka mmoja na karibu nusu kabla ya miaka miwili. Utafiti wa CHER wa Afrika Kusini ulitoka mwaka 2008, ukaonyesha kuanza dawa mapema kwa vichanga kunapunguza vifo kwa asilimia 76 ukilinganisha na kusubiri mpaka mtoto adhoofike. K alikuwa ameshadhoofika tayari, hatukuwa na cha kusubiri.

La pili, TB. Kikohozi kilikuwa kimezidi wiki tatu, na mama alipoulizwa polepole akakumbuka kuna mvuvi mwenzao waliyelala naye turubai moja anakohoa muda mrefu na kakonda. Tulipeleka choo cha mtoto kwenye GeneXpert, mashine ya kupima TB, kwa sababu watoto wanameza makohozi na choo kinaweza kuonyesha. Majibu: haijaonekana. Picha ya kifua ilikuwa na mashaka. Hapa wenzetu wawili walitofautiana, mmoja anasema kipimo kimekataa tusimbebeshe mtoto dawa nyingine, mwingine anasema mtoto ana vimelea vichache, kipimo kukosa kuviona hakumaanishi TB hamna. Tuliamua kutibu TB kwa dalili, historia ya mgonjwa wa karibu na picha. Mimi naona ulikuwa uamuzi sahihi na ningeutetea popote, mtoto mwenye VVU na utapiamlo TB isipoonekana leo kwenye karatasi ya maabara inaweza kumuua kesho.

La tatu ni mpangilio. Siku za mwanzo ni kumtuliza, maziwa, antibayotiki, sukari na joto la mwili. Dawa za TB zikaingia, na alipoanza kutabasamu na kula chakula dawa, kama siku kumi baada ya TB, ARV zikaanza. Septrini ya kumkinga na nimonia ilianza mapema.

La nne dozi, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo panapokosewa. Siku hizi watoto wanatumia dolutegravir ya miligramu 10, kidonge kinachoyeyuka kwenye maji, ilipitishwa mwishoni mwa 2020 na imetuondolea mateso ya ile dawa ya maji ya lopinavir iliyokuwa chungu mpaka mtoto anaitapika yote na kabla ya kugawiwa ilitakiwa ikae kwenye baridi. Inaenda pamoja na kidonge cha abacavir na lamivudine cha 120/60. Mtoto wa kilo 3 mpaka 5.9 anapata nusu kidonge cha dolutegravir na kimoja cha abacavir/lamivudine kwa siku. Akifika kilo 6 mpaka 9.9 inakuwa kimoja na nusu kwa kimoja na nusu. Ona hiyo dolutegravir, mtoto akiongezeka gramu mia tatu tu akavuka kilo 6 dozi yake inaruka mara tatu. Alafu rifampisini ya TB inalifanya ini livunje dolutegravir haraka, kwaiyo mtoto aliye kwenye TB anapewa dozi ile ile ya dolutegravir mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, mpaka wiki mbili baada ya kumaliza TB. K alianza na nusu asubuhi, nusu jioni.

La tano, kunyonya. Mama alianza dawa siku ile ile aliyopata majibu, hiyo ndo taratibu ya nchi kwa wajawazito na wanaonyonyesha tangu mpango wa Option B+ ulipoanza mwaka 2013. Bibi alipopata habari kitu cha kwanza alichosema ni mtoto aachishwe ziwa leo. Hata mhudumu mmoja wodini alikuwa ameshamwambia mama hivyo hivyo. Lakini mtoto ambaye ameshaambukizwa hana cha kukingwa kwa kuachishwa, ana cha kupoteza tu, tena mtoto wa utapiamlo ambaye maziwa ya mama ndo chakula chake cha uhakika. Ushauri ni aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi pamoja na vyakula vingine. Ilibidi tuseme hilo mara nyingi, kwa mama, kwa bibi, na kwa wafanyakazi wetu.

Nyumbani kwa bibi

PCR ilirudi baada ya wiki chache, chanya, na sampuli ya pili ya kuhakikisha ilikuwa imechukuliwa siku ARV zinaanza, nayo chanya. Mama alijua kwamba atarudi kisiwani muda wowote, hela ya nyumba inatoka kule, na anayebaki na dawa ni bibi. Aliomba mwenyewe kumwambia, ila nesi akae pembeni. Nilikuwepo. Bibi alinyamaza muda mrefu, akauliza swali moja tu.

"Na wewe umeshaanza kunywa?"

"Nimeanza mama."

"Basi mnywe wote. Mwanangu nesi, nionyesheni mimi hizo za mtoto."

Bibi hasomi, hana saa, simu yake kitochi. Kumwambia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku haikuwa na maana, kwaiyo tukapanga nae dawa kwa ng'ombe: ya asubuhi wakitoka zizini, ya jioni wakirudi. Tulimfanyisha mbele yetu. Kikombe kisafi, maji safi vijiko viwili vya chai, vidonge ndani, koroga mpaka viyeyuke, mtoto anywe yote ndani ya nusu saa, alafu suuza kikombe kwa maji kidogo na hayo nayo anywe kwa sababu dawa inabaki pembeni. Mara ya kwanza alimwaga yale maji ya kusuuzia. Mara ya pili hakumwaga.

Mambo mawili yalitokea nyumbani. Kama wiki ya tatu ya ARV kwapa la kulia la K likavimba, tezi kubwa kama ndimu. Bibi akaogopa kwamba dawa zinamdhuru, akazisimamisha siku mbili, ila hakukaa kimya, akatuma kijana atupigie. Ile ilikuwa tezi ya upande wa BCG. Mtoto mwenye VVU aliyechanjwa BCG, kinga yake ikianza kuamka kwa ARV inaweza kukutana na vile vimelea vya chanjo na kuwasha moto hapo kwapani. Tulimwona, hakuwa na homa wala usaha, tukamweleza bibi kwamba hii ni dalili ya mwili kuanza kupigana, dawa zikaendelea, uvimbe ukapungua wenyewe taratibu kwa miezi. Hili linatakiwa lisemwe siku ya kuanza dawa, kabla halijatokea.

La pili ni dozi. K alihamishiwa kuchukua dawa kituo cha karibu na kijiji. Kule alipimwa uzito kilo 6.4, ukaandikwa, na akapewa kopo lile lile lenye maelezo ya nusu kidonge. Aliyegundua ni WAVIU mshauri, mama mmoja anayeishi na VVU mwenyewe na ambaye anatembelea familia majumbani, alichukua kadi mkono mmoja na kopo mkono mwingine, akaona havipatani, akapiga simu pale pale. Karibu wiki mbili mtoto alikuwa kwenye theluthi ya dozi yake, tena akiwa na rifampisini. Ndivyo usugu unavyoanza.

Baba

Mama aliogopa kumwambia mume. Tulimuuliza waziwazi kama amewahi kumpiga, akasema hapana ila anaweza kumfukuza. Hatukumlazimisha. Alichagua kwanza kumpelekea kipimo cha kujipima cha mate, ambacho sheria yetu inakiruhusu tangu marekebisho ya 2019, kwa maelezo kwamba kliniki ya mtoto imewataka wazazi wote wapime, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Tulisubiri mbalamwezi. Ukienda mwaloni wakati wa giza wanaume hawapo usiku na mchana wamelala, ukienda mwezi ukiwa mkubwa unawakuta wamekaa wanapiga stori na kushona nyavu. Timu ya huduma mkoba ilienda siku hizo. Baba akajipima, ikatoka mistari miwili, akaja mwenyewe kwa timu kuthibitisha. Maneno makali yalikuwepo siku za mwanzo, kila mmoja akimwambia mwenzake umeniletea, na mshauri alikaa nao akawaambia nani kaanza hakuna kipimo kinachoweza kusema. Hawajaachana. Dada mkubwa wa K alipimwa kijijini, hasi.

Siku ile ile wanawake wanaonyonyesha waliokuwa wanaanika dagaa walialikwa kupima. Wengi wao kipimo cha mwisho kilikuwa ni kile cha mimba changa.

Matokeo

Mwezi wa sita wa ARV K alikuwa na kilo 8.3, kiwango cha virusi chini ya kopi 50. TB amemaliza. Anakaa, anasimama kwa kushika kigoda, kutembea bado, na hilo tunalifuatilia kwa mazoezi kwa sababu ubongo wake ulipitia miezi ya njaa na virusi pamoja. Mama naye virusi vimefubaa. Baba alianza vizuri, kambi ikahama akakaa bila dawa wiki kadhaa, akarudishwa, sasa anapewa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo na anajua vituo vya visiwa vingine anavyoweza kuingia na kadi yake.

Uchambuzi

Kilichomwokoa K kwanza ni swali la nesi. Kadi isomwe pamoja na tarehe yake: hasi ya mimba ya miezi minne inazungumzia muda wa kabla ya siku ile, tena maambukizi ya wiki chache za karibuni inaweza isiyaone, haizungumzii mwaka mzima uliofuata mwaloni. Kipimo kinatakiwa kirudiwe miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na kirudiwe tena wakati wa kunyonyesha, hasa maeneo yenye maambukizi mengi kama haya. Kwa K milango ilikuwa mingi: hudhurio la mwisho, chumba cha kujifungulia, kila chanjo, ile homa ya mama, na kila nukta ya uzito iliyoshuka. Tumefanya kazi kubwa sana kwa akina mama wanaojulikana wana VVU, watoto wao wanapimwa PCR wiki ya nne mpaka ya sita, wanapewa nevirapini ya kuwakinga, wanafuatiliwa mpaka waache kunyonya. Aliyeandikwa hasi hana anayemfuata, na sasa hivi sehemu kubwa ya watoto wapya wanaoambukizwa ukanda wetu wa mashariki na kusini mwa Afrika wanatoka kwa mama kama huyu, aliyeambukizwa akiwa mjamzito au ananyonyesha.

Zahanati ya kisiwa siilaumu kwa roho mbaya, mhudumu mmoja anazalisha, anachanja, anatoa dawa na kuandika rejista zote. Lakini mtoto ambaye mstari wake unaingia kijivu, au ana fangasi wa mdomo wanaorudi, au kikohozi kisichoisha, huyo apimwe VVU yeye na mama yake hapo hapo bila kuangalia kadi inasema nini. Hili halihitaji bajeti mpya, linahitaji vitendanishi visikatike na mtu akumbuke.

Na kubemenda tusikucheke wala kukukemea mbele ya watu. Bibi alikuwa ameona tatizo kabla ya wataalamu, alijua huyu mtoto hakui. Tulichofanya ni kumpa sababu nyingine na dawa yake, akawa mlezi bora wa dawa kuliko wengi waliosoma. Shida ya haya maelezo ni kwamba yanamfunga mama mdomo, anaona aibu kumpeleka mtoto hospitali kwa sababu kila mtu atajua alichofanya na mumewe, na miezi inapita.

Kilichofanya kazi kingine ni kuanza dawa bila kusubiri karatasi, kumweka bibi ndani kwa ridhaa ya mama, na kwenda ziwani kwa kalenda ya wavuvi. Kilichokwama ni kukabidhiana kati ya vituo. Uzito ulipimwa, hakuna aliyeutumia. Mimi napendekeza barua ya uhamisho ya mtoto iandikwe kilo ngapi zitabadilisha dozi, si dozi ya leo peke yake, na kwa mtoto mwenye TB iandikwe tarehe ambayo dolutegravir itarudi mara moja kwa siku.

Kuna jambo ambalo kwa mama wa K halikuzungumzwa kabisa, PrEP, zile dawa za kumkinga asiyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani linasema zinaweza kutolewa kwa wajawazito na wanaonyonyesha walio kwenye hatari kubwa. Mwanamke mwenye majibu hasi, mwenzi hajapimwa na yuko ziwani, anaishi kambini, sioni nani anastahili kuulizwa kabla yake.

Sasa hivi

K anakaribia kilo 10, akifika hapo vidonge vinakuwa viwili viwili. Mama anataka kurudi nae kisiwani, bibi hataki, tumewaachia waamue ila barua tumeshaiandaa na dawa za miezi mitatu za wote wawili zipo. Hudhurio lililopita mama aliuliza kama anaweza kuja kuzaa mtoto asiye na VVU. Tukamjibu ndiyo. Bila dawa hatari ni asilimia 15 mpaka 45, kwa dawa na ufuatiliaji inashuka chini ya 5, na virusi vikiwa vimefubaa kabla ya mimba inashuka zaidi ya hapo. Tumekubaliana atumie uzazi wa mpango mpaka K aache kunyonya, apime kiwango cha virusi kabla, na mimba ikiingia aje kliniki mwezi huo huo na mume wake.